Somo: Boksi lililofungwa la spika ya besi ya inchi 12 ya gari

Wandugu wa Lubumbashi, wengi wetu tunanunua spika nzuri na amplifaya yenye nguvu, kisha tunaviweka kwenye boksi la mbao nyepesi lililopigwa misumari. Spika ikisukuma hewa mbele, mgongo wake unavuta hewa nyuma. Boksi likiwa na ufa, hewa hizo mbili zinakutana na kuzimana, na besi inapotea. Leo tunajenga boksi lisilo na tundu lolote la hewa. Lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi, lakini hesabu yake ikikosewa spika inaumia. Anza na hili.

1. Soma karatasi ya spika. Mtengenezaji ameandika ujazo anaoutaka, fuata huo. Spika nyingi za inchi 12 zinaridhika na lita 28 hadi 35. Mfano wetu kwa ndani ni upana sm 40, kimo sm 36, kina sm 24. Zidisha, gawa kwa 1000: lita 34.6 hivi. Spika yenyewe inakula lita 2 au 3.

2. Kata MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa) ya mm 18. Mbele na nyuma: vipande viwili vya sm 43.6 kwa 39.6. Juu na chini: viwili vya sm 43.6 kwa 24. Ubavuni: viwili vya sm 36 kwa 24. Mwombe menuisier (seremala) mwenye msumeno wa meza akukatie. Ukingo uliopinda hata kidogo utakusumbua mpaka mwisho.

3. Kata duara la spika kwenye kipande cha mbele kabla ya kufunga boksi. Pima shimo kwa spika yako mwenyewe, si kwa ya rafiki, maana inchi 12 za kiwanda hiki si za kiwanda kile.

4. Paka kole (gundi) ya mbao kila ukingo, kisha kaza visi (skrubu) kila sm 12 hivi. Toboa kwanza kwa kekee, la sivyo MDF inapasuka. Acha siku nzima ikauke. Wakati wa mvua ongeza muda.

5. Hapa usiharakishe. Pitisha silikoni ndani kwenye pembe zote na panapotokea waya, uiache saa 24 kabla ya kufunga spika, kwa sababu mvuke wake unaweza kuharibu gundi ya spika. Nje paka rangi au vanishi, hasa kwenye kingo: MDF inakunywa maji na kuvimba, na mvua zetu tangu Novemba haziihurumii.

6. Funga spika na sponji nyembamba chini ya ukingo wake. Sukuma koni (ile sehemu ya mbele inayotikisika) polepole kwa vidole vya mikono miwili, kisha iachie. Ikirudi taratibu, boksi limeziba. Ikiruka haraka, tafuta ufa.

Waya mkubwa wa amplifaya uwe na fizibo (fyuzi) karibu na batri, isiwe mbali nayo zaidi ya sm 45. Gari linaweza kuungua bila hiyo.

MASWALI

Kutoka Katuba: Yaya, MDF ni bei. Triplex (plywood) inafaa?
Jibu: Inafaa sana ikiwa ya mm 18. Tazama ukingo wake: tabaka zikiwa na nafasi tupu, zitalia. Zile mbao za vumbi lililogandishwa ziache, visi vinachomoka.

Kutoka Kampemba: Kofre (buti) ya gari yangu ni fupi. Kina kiwe sm 18?
Jibu: Sawa, mama, ila panua vipimo vingine: sm 48 kwa 40 kwa 18 inarudisha lita zilezile. Pima kwanza sumaku ya spika. Iachie sm 3 nyuma yake.

Kutoka Ruashi: Papa, nimeweka spika mbili, besi imekuwa dhaifu kuliko ya moja!
Jibu: Ndugu, huenda moja imegeuzwa waya. Gusisha batri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya, kwa kila spika. Koni zote ziruke nje. Itakayoingia ndani, zigeuze nyaya zake.