Kutunga tanaga: mishororo minne, mizani saba

Tanaga ni shairi fupi la Kitagalog, lugha ya Ufilipino: ubeti mmoja wa mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 7, kina (sauti ya mwisho) kimoja kuanzia juu hadi chini. Aliyezoea utenzi ataona ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba mizani imepungua mmoja, na mshororo wa nne hauchukui kina cha bahari, yaani kile kinachorudi mwisho wa kila ubeti, bali hufuata kilekile cha wenzake.

Mapadri Noceda na Sanlucar waliihifadhi katika kamusi yao ya Kitagalog iliyotoka Manila mwaka 1754. Katika karne ya 20 ikapata nguvu mpya kwa Ildefonso Santos (1897–1984), mshairi na mwalimu wa Malabon. Virgilio Almario, aliyezaliwa Bulacan mwaka 1944 na kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Ufilipino, alianzisha mwaka 1985 kundi la LIRA, ambako washairi chipukizi hufunzwa kwanza tugma na sukat, yaani vina na mizani. Utaratibu huo ni wa haki: asiyejua kuhesabu hajui anapokosea.

Basi anza na hesabu. Katika Kitagalog, irabu moja ni mzani mmoja, lakini neno “mga” husomwa “manga”, hivyo lina mizani miwili. Mizani ikizidi, “ako ay” hufupishwa kuwa “ako’y” na mmoja huondoka. Ukitunga kwa Kiswahili, mtego ni m na n zinazosimama peke yake: “mti” ni m-ti, “nta” ni n-ta. Gonga meza kwa kidole kila silabi. Jicho hudanganya, kidole hakidanganyi.

Vina vya Kitagalog ndivyo vinavyowaangusha wageni. Neno likiishia konsonanti, hutazamwa irabu iliyoitangulia pamoja na kundi la konsonanti yenyewe. B, k, d, g, p, s na t ni kundi moja. L, m, n, ng, r, w na y ni lingine. Kwa hiyo “lakas” (nguvu) na “dagat” (bahari) vina vyao vinapatana, ila “lakas” na “ulan” (mvua) havipatani. Tanaga moja ya kamusi ile ya 1754 inaishia tulos, agos, lumot, pupulupot: s na t pamoja, wala si kosa. Maneno yanayoishia irabu yana sharti jingine. “Bata” (mtoto) hukatwa ghafla kooni mwishoni, “mata” (jicho) halikatwi, kwa hiyo hayafanyi kina ingawa kwa maandishi yanafanana.

Kilichobaki ni talinghaga, sitiari inayobeba shairi zima, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chagua kitu kimoja kinachoonekana, ukifuate mishororo yote minne bila kutaja unachokimaanisha. Katika tanaga ile ya zamani, kimea kidogo cha majini kinazungumza na mti imara uliochomekwa, kikiuambia kwamba mkondo ukija kitajizungusha kwake. Hakuna neno “mapenzi” wala “unyonge”, na vyote vimo.

Tuseme unataka kumsifu mwalimu. Ukianza “Mwalimu ni mshumaa”, umeshamaliza shairi mshororo wa kwanza na msomaji hana la kugundua. Mwondoe mwalimu, ubaki na mshumaa. “Mshumaa wasimama” ni mizani 8, mmoja umezidi, kwa hiyo sogea karibu zaidi, hadi kwenye utambi:

Utambi wasimama,
Nta nayo yazama,
Giza larudi nyuma,
Nami nimeshasoma.

Hesabu: u-ta-mbi-wa-si-ma-ma, 7. N-ta-na-yo-ya-za-ma, 7. Mshororo wa tatu unageuza macho kutoka kwenye mshumaa, na wa nne unamleta mtu kwa mara ya kwanza. “Nimeshasoma” linabeba maana mbili, ukurasa wa usiku ule na elimu ya miaka. Laiti mshororo huo ungekuwa “Mwalimu mtu mwema”, mizani na kina vingetimia lakini shairi lingekufa.

Kosa la mwisho ni kujaza nafasi: “sana”, “kweli”, “hakika” zikiwekwa ili 7 itimie. Katika mizani 28 hakuna pa kuzificha. Zifute, utafute kitenzi kirefu zaidi. Kina kimoja kikikubana mno, washairi wa leo huko Ufilipino hutumia pia mipangilio ya vina viwili: aabb, abab au abba. Mizani 7 haiguswi.