Kabla ya kupima kiwango cha klozapini kwenye damu

Klozapini ni dawa ya ugonjwa mkali wa akili, hasa skizofrenia. Kosa linaloharibu kipimo cha kiwango chake mara nyingi hutokea nyumbani, alfajiri. Mgonjwa anaamka, anameza kidonge chake kama kawaida, kisha anakwenda kutolewa damu. Majibu yanarudi juu kuliko hali halisi, na daktari asiyejua anaweza kupunguza dozi ambayo ilikuwa inamsaidia.

Damu ya kipimo hiki hutolewa takriban saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Aliyemeza saa tatu usiku atolewe saa tatu asubuhi. Kama ana dozi ya asubuhi, aende nayo mfukoni, aimeze akishatolewa damu. Saa aliyomeza na idadi ya miligramu ziandikwe usiku uleule, maana asubuhi kila mtu hukisia. Dozi ikiwa imebadilishwa karibuni, kwa kawaida husubiriwa kama wiki moja dawa itulie mwilini.

Sigara nitaisemea kwa kirefu, kwa sababu familia nyingi hudhani ikitajwa ni mahubiri tu. Moshi wake, wala si nikotini, huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja klozapini. Mvutaji akilazwa na kuacha ghafla, dozi ileile huweza kupandisha kiwango kwa nusu au zaidi katika siku chache. Kwa hiyo mwambieni daktari anavuta ngapi kwa siku, na kama ameacha, aliacha lini. Kahawa nyingi nayo hupandisha. Vivyo hivyo maambukizi yenye homa na fluvoksamini, dawa ya sonona. Karbamazepini, dawa ya kifafa, hushusha.

Aliyeruka dozi aseme, na asikaripiwe kwa kusema. Kiwango cha chini kwa mtu asiyemeza dawa hakina maana sawa na kiwango cha chini kwa anayemeza kila siku. Ikiwa zimepita zaidi ya saa 48 bila dawa, asirudie dozi yake kamili. Apigiwe daktari kwanza, kwa kuwa huanzishwa upya kwa dozi ndogo.

Madaktari wengi hulenga nanogramu 350 kwa mililita au zaidi, ingawa wapo wanaopata nafuu chini ya hapo. Kipimo cha chembe nyeupe za damu, ambazo klozapini huweza kuzipunguza, ni kingine kabisa, hakikisheni nacho hakisahauliki. Na mgonjwa akilemewa na usingizi usio wa kawaida, akipata degedege, au akikosa choo siku kadhaa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja majibu.