Jinsi ya kugeuza Coaster kuwa gari la kulala na kuzunguka nchi ukiwa mstaafu

Nilikuwa muuguzi kwa miaka 34, na mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa fundi umeme. Tulipostaafu wote tulizunguka Tanzania kwa siku 92 ndani ya Coaster tuliyoigeuza kuwa gari la kulala. Tulitoka Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni tukapita Iringa, Mbeya, Sumbawanga, Mpanda, Kigoma, Geita, Mwanza, Singida na Dodoma, ndipo tukarudi nyumbani. Njia hiyo peke yake ni kama kilomita 3,400, lakini pamoja na michepuko kipimo cha gari kilisoma 4,300. Ukizigawa kwa siku 92 unapata kilomita 47 kwa siku, na hapo ndipo mwongozo huu ulipo. Mstaafu ana muda, na gari lake liandaliwe kwa ajili ya mtu mwenye muda, siyo kama basi la kuwahi kituo.

Hatua ya 1: Gari

Kwa barabara zetu napendekeza Toyota Coaster yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo. Haina mbio, lakini fundi wa Mpanda anaijua sawasawa na fundi wa Kariakoo, na vipuri vyake havikosekani. Mtu mzima anasimama wima ndani, na hilo ukiwa na miaka 60 na kiuno kinachouma ni jambo kubwa. HiAce ni rahisi zaidi kununua na inakula mafuta kidogo, ila kila asubuhi utavaa suruali ukiwa umelala.

Usinunue kabla fundi wako mwenyewe hajaingia chini ya gari. Mwambie agonge sakafu kwa nyundo ndogo kutafuta kutu, atazame rejeta, na aulizie taiming belti ilibadilishwa lini. Kwenye 1HZ belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hana kumbukumbu, ibadilishe siku hiyohiyo.

Ukishang'oa viti, usiviuze. Vyetu vimefungwa nailoni stoo, na bolti zake zote ziko kwenye kopo moja. Siku tukichoka, gari litarudi kuwa basi na tutaliuza kwa bei ya basi. Fedha ya mkupuo ya kustaafu ni ya mara moja tu maishani, kwa hiyo unapoigeuza kuwa gari hakikisha inaweza kurudi kuwa fedha.

Hatua ya 2: Uzito

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipokosea.

Seremala wetu ni mtu mwenye mikono ya dhahabu. Alituambia makabati ya gari ni lazima yawe ya mninga, nasi tukakubali kwa furaha. Kitanda mninga, kabati la vyombo mninga, meza mninga, zote mbao za inchi moja, zimepigwa vanishi zikang'aa. Nyuma kabisa, chini ya kitanda, tukaweka matenki mawili ya maji ya lita 150 kila moja. Gari likapendeza mno.

Tulikwenda Morogoro kulijaribu. Gari lilikuwa limekaa nyuma kama kuku anayeatamia, na kwenye kila tuta springi zilikuwa zinagonga. Tulipopita mizani ya Vigwaza tuliomba kuelezwa namba zinavyosomwa. Tuliporudi tulizilinganisha na kibati cha gari chenye uzito unaoruhusiwa na mtengenezaji, na tukakuta tumezidi kwa kilo 400, karibu zote zikiwa juu ya ekseli ya nyuma.

Mzee alichukua kalamu akapiga hesabu. Mita moja ya mraba ya mninga wa inchi moja ina kama kilo 16, na ya plaiwudi ya milimita 9 ina kama kilo 5. Sisi tulikuwa na mita za mraba 20, kwa hiyo kwa kuchagua mninga tu tulikuwa tumejizidishia zaidi ya kilo 200. Lita moja ya maji ni kilo moja, na lita 300 ni kilo 300. Tulibomoa. Plaiwudi ikachukua nafasi ya mninga, matenki mawili yakawa tenki moja la lita 100, nalo tukalihamishia katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Meza ya mninga tuliibakiza nyumbani, na ndiyo ninayoandikia sasa.

Basi fuata utaratibu huu: pima gari likiwa tupu, liandae, kisha lipime tena likiwa na maji, gesi, nguo na ninyi wenyewe ndani. Weka vitu vizito chini na katikati. Sufuria tatu zinatosha watu wawili. Usidanganywe kwamba kuongeza majani ya springi ni dawa, maana springi ngumu hazibadilishi uwezo wa breki.

Hatua ya 3: Umeme, maji na gesi

Umeme kwanza. Orodhesha kila kinachokula umeme na saa zake za kazi. Kwetu friji ndogo ya volti 12 hutumia wati 45 ikiwa inafanya kazi, na hufanya kazi kama theluthi moja ya siku, hivyo ni kama wati-saa 360. Feni ya wati 20 kwa saa nane ni 160. Taa na simu, weka 100. Jumla 620 kwa siku. Paneli ya wati 300 juu ya paa hurudisha kiasi hicho kwa siku yenye jua na chenji inabaki. Betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, inatubeba karibu siku mbili za mawingu. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Mzee wangu hana mjadala kwenye hilo.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutulia sakafuni. Mtungi wa kilo 6 uwe ndani ya kisanduku chake, na chini ya kisanduku kuwe na tundu linalotoka nje ya gari. Funga koki kila unapomaliza kupika.

Na jambo ambalo naomba lisomwe mara mbili: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari usiku, hata Makambako au Njombe ambako baridi ya Julai inaingia mifupani, hata kama mkaa umebaki majivu na kidirisha kiko wazi. Hewa yake ya sumu haina harufu wala moshi. Nimepokea wodini familia iliyolala na jiko chumbani, na si wote walioamka. Beba blanketi mbili zaidi.

Hatua ya 4: Dawa na mwili

Wiki tatu kabla ya kuondoka nenda kliniki, umweleze daktari kwamba utakuwa njiani kwa miezi mitatu, na uombe dawa za muda huo wote. Zigawe katika mifuko miwili, mmoja kabatini na mwingine kwenye mkoba wako. Andika kwenye karatasi moja majina ya dawa, kipimo chake, aleji, na namba ya mtoto wa kupigiwa, kisha uibandike ndani ya mlango wa kabati. Hata mtu baki aweze kuiona.

Anayetumia insulini, chupa zisizofunguliwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na ukuta wa friji unaogandisha, maana insulini iliyoganda ni ya kutupa. Friji ikifa njiani tumia vyungu viwili vya udongo: weka kidogo chenye dawa ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji, funika kwa kitambaa kibichi, kisha uweke kivulini penye upepo. Havifikii ubaridi wa friji, lakini vinaikinga dawa na joto la gari lililoegeshwa juani hadi upate friji ya zahanati.

Kila baada ya saa moja na nusu shuka utembee dakika kumi. Damu ikituama miguuni kwa muda mrefu inaweza kuganda, na sisi wazee ndio tulio kwenye hatari zaidi. Kunywa maji. Najua wengi, hasa akina mama, hawanywi wakiogopa kutafuta choo njiani. Ndiyo maana choo cha kubebeka ni cha lazima ndani ya gari.

Hatua ya 5: Karatasi na fedha

Kabla seremala hajashika msumeno, nenda ofisi ya TRA (mamlaka ya mapato) na kwa wakala wa bima uwaeleze kwamba basi linakuwa gari la binafsi la kulala, na wakuandikie. Hakikisha daraja la leseni yako linakubali gari hilo. Mkipanga kuvuka mpaka kwenda Kenya, Uganda au Zambia, ulizia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya nchi jirani.

Coaster yetu ilikwenda kilomita 6 na nusu kwa lita, hivyo tulitumia kama lita 660. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mahali kwa mahali. Isome kabla hujapanga bajeti, kwa kuwa dizeli ya Kigoma si bei ya dizeli ya Dar.

Hatua ya 6: Laleni uani kwenu kwanza

Siku tatu mfululizo, bila kuingia ndani ya nyumba hata kuchukua chumvi. Kila mtakachokikosa kiandikeni. Sisi tuligundua kwamba nikiamka usiku ni lazima nimruke mzee, tukabadilisha upande wa kitanda.

Hatua ya 7: Barabarani

Ondokeni Juni. Masika ya pwani yameisha, na mvua za nyanda za juu kusini hazijaanza hadi Novemba. Washeni gari saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ifikapo saa nane mchana muwe mmeshaegesha. Usiku hatuendeshi kabisa. Kilomita 200 kwa siku ni nyingi, na baada ya siku moja ya mwendo kaeni mbili.

Gari kubwa lenye uzito unaozidi tani 3.5 halitakiwi kuzidi 80, na kwenye makazi ni 50. Ukiona kibao cha 50 punguza kabla ya kukifikia, tochi ya trafiki ipo mbele. Ndani ya hifadhi ya Mikumi mwendo uwe mdogo zaidi. Ukigonga mnyama unatozwa faini, na viwango vimeandikwa kwenye bango.

Kitonga, mlima wa njia ya Iringa, ndiyo shule. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, penye mafungu ya vitunguu pande zote za barabara, pumzisha injini kwanza. Panda kwa gia ndogo, macho kwenye geji ya joto, na usishindane na lori. Unaposhuka tumia gia ileile ambayo ungepandia. Acha injini ishike gari, na mguu uguse breki kidogo kisha uachie. Ukisikia harufu ya breki, egesha mahali salama usubiri nusu saa. Usizimwagie maji.

Kati ya Sumbawanga na Mpanda barabara inapita hifadhi ya Katavi. Funga vioo kwa sababu ya mbung'o. Wanafuata gari linalotembea na wanapenda nguo nyeusi na za buluu, basi vaa kaki. Laleni Sitalike, na asubuhi nendeni mtazame viboko kwenye mto Katuma mkiwa na mwenyeji.

Hatua ya 8: Kupata pa kulala

Mijini tulilala kwenye uwanja wa nyumba za wageni au misheni, kwa kulipia choo na bafu. Vijijini kanuni ni moja: fika jua likiwa bado juu, na nenda moja kwa moja ofisi ya kijiji.

Kijiji kimoja mbele ya Kibondo tulimkuta mtendaji, kijana wa rika la mwanetu wa mwisho.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Sisi ni wastaafu, tunatembea kuiona nchi. Tunaomba mahali pa kuegesha tulale, kesho tunaondoka."

Aliangalia gari, akatuangalia sisi. "Mnalala humo humo?"

Nilimfungulia mlango akaingia. Aligusa koki ya maji ikatoka, akafungua friji, akakaa kitandani kidogo kama anayekijaribu. Alipotoka alitupa kitabu cha wageni tukaandika majina, tutokako, tuendako na namba za simu. "Egesheni pale zahanati, mama, kuna mlinzi." Hazijapita dakika kumi, akina mama watano walikuwa mlangoni wakitaka kuliona hilo jiko. Tulikaa siku nne. Asubuhi nilikuwa nikimsaidia muuguzi wa zahanati kupima watoto uzito, na mzee alitengeneza taa ya chumba cha kujifungulia.

Andika jina lako kwenye kitabu hata kama hawakukuomba. Likitokea jambo usiku, watu wanajua ninyi ni nani. Maji machafu usiyamwage karibu na kisima wala mto, na choo kimwagwe chooni tu, kwa ruhusa.

Hatua ya 9: Mkirudi

Mwaga maji yote, suuza tenki kwa maji yenye klorini kidogo, kisha uache mfuniko wazi likauke. Mlango wa friji uegemezwe kitambaa usijifunge. Chomoa betri ya lithiamu, lipeleke gari kwa fundi akague springi na breki, na uweke upepo wa tairi juu kidogo kama gari litasimama. Kila wiki mbili liwashe ulisogeze hatua chache, tairi zisikalie sehemu moja.