Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima Alaimenti ya Hilux Iliyonyanyuliwa

Mtu akishaifungia Hilux yake springi ndefu na shokomzoba mpya, ikapanda inchi 2 na tairi kubwa zikapata nafasi, huhesabu kwamba kazi imekwisha, ilhali wishiboni, yaani mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, zimeinama na pembe zote za magurudumu hayo, ndiyo alaimenti yenyewe, zimehama. Inayoumia zaidi ni kasta, yaani ule mlalo wa kurudi nyuma unaofanana na wa uma wa mbele wa baiskeli. Kasta ndiyo inayourudisha usukani baada ya kona. Ikipungua, gari huyumbayumba kwenye lami na dereva hushinda akilisahihisha.

Kwa hiyo gereji iulizwe mapema kama inarekebisha kasta na kemba (gurudumu kuinama ndani au nje kwa juu), kwa maana ziko nyingi zinazozungusha tairodi tu, zile fimbo za usukani, zikaweka too (magurudumu kuelekeana au kuachana kwa mbele) sawa na kumwambia mteja aende. Too sahihi huokoa tairi, lakini haiwezi kuirudisha kasta iliyopotea.

Kasta na kemba za Hilux hurekebishwa kwa bolti mbili zenye kamu (kisahani ambacho tundu lake haliko katikati, hivyo kikizungushwa husogeza wishiboni) zilizo kwenye wishiboni ya chini ya kila upande, na hapa ndipo maandalizi mengi yanapohitajika. Gari lililotembea miaka kwenye matope, au kwenye chumvi ya pwani, bolti hizo hugandia kutu ndani ya chuma cha bushi, ule mpira wa kiungo cha wishiboni, nati ikageuka lakini kamu isisogee. Zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla, kila kamu iwekewe alama ya rangi mahali ilipo, kisha zijaribiwe. Zikikataa, bolti na bushi mpya zinunuliwe kwanza, kwani ni uchungu kulipia kipimo ambacho fundi hawezi kukifanyia lolote.

Bushi nazo zina jambo lake, na ninalisisitiza kwa kuwa hurukwa mno. Mpira wa bushi umeshikana na chuma chake cha ndani, hivyo ukikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishushwa mpira hujisokota na kuchanika mapema. Nati zilegezwe, gari lishushwe na kutikiswa mara kadhaa, ndipo zikazwe likiwa limesimama kwa tairi zake.

Boljointi (viungo vya mpira wa chuma vya wishiboni) na tairodi zenye mchezo zibadilishwe, na upepo wa tairi ulingane. Kiganja kipitishwe juu ya kashata za tairi: zikiwa laini upande mmoja na kali kama msumeno upande wa pili, too ilikuwa mbaya tangu zamani. Gari lipelekwe na uzito wake wa kila siku, pamoja na bampa ya chuma na winchi kama lina hivyo, kwa sababu uzito hushusha springi na kubadili pembe.

Gari likinyanyuliwa zaidi ya zile inchi 2, kamu mara nyingi hufika mwisho kabla kasta haijatosha, na dawa yake ni wishiboni za juu zilizotengenezwa kwa gari lililopanda. Land Cruiser 79 yenye eksili nzima mbele haihusiki na kamu hizi. Kasta yake hurudishwa kwa bushi zenye tundu la pembeni.

Karatasi ya vipimo vya kabla na baada ichukuliwe, kasta ya kulia ilinganishwe na ya kushoto, na baada ya kilomita 1,000 hivi, springi zikishatulia, gari lirudishwe kupimwa tena.