Kumlipia mfanyakazi gharama za simu yake: mwongozo wa kodi kwa waajiri nchini Kenya

Mwajiri anayemtaka mfanyakazi atumie laini yake binafsi kuwapigia wateja, kupokea oda za WhatsApp au kuidhinisha malipo saa za usiku, mapema au baadaye ataombwa alipie gharama hiyo. Mara nyingi ofisi ya wafanyakazi huamua peke yake kiasi cha kutoa, kisha mhasibu huelezwa jina la kuandika kwenye hati ya mshahara. Hapo ndipo makosa huanzia, kwa kuwa Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) haifungwi na jina mliloyapa malipo hayo. Huangalia pesa zimemfikia mfanyakazi kwa njia gani na zinathibitishwa na stakabadhi zipi. Kwa hiyo, kabla ya kukokotoa lolote, amueni njia mtakayofuata kati ya tatu: marupurupu ya kila mwezi, kurejesha gharama halisi, au laini inayolipiwa na kampuni yenyewe.

Marupurupu ni rahisi kuendesha, lakini hutozwa kodi yote. Chukua mfanyakazi anayelipwa KSh 150,000 kwa mwezi, ambaye tayari amepita kikomo cha makato ya NSSF (hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii), akiongezewa KSh 3,000 za mawasiliano. Katika nyongeza hiyo, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii (SHIF) ni KSh 82.50, na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba ni KSh 45. Makato hayo mawili huondolewa kabla ya kukokotoa PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara), kama inavyoruhusiwa tangu tarehe 27 Desemba 2024, na kinachobaki hutozwa asilimia 30, yaani KSh 861.75. Mfanyakazi hubaki na KSh 2,010.75 za kununua bando, huku mwajiri naye akiongeza KSh 45 za ada ya nyumba kwa upande wake. Ukitaka mtu huyo apate KSh 3,000 kamili mkononi, itakubidi umpe takriban KSh 4,476. Kwa duka lenye wahudumu wawili huenda gharama hiyo ikavumilika, kwa sababu usumbufu wa kukusanya stakabadhi ungekula muda wenye thamani kubwa zaidi. Kwa kampuni yenye mawakala wa mauzo arobaini, sioni sababu ya kuichagua.

Njia ya pili inahitaji uangalifu mkubwa zaidi, nayo ndiyo inayokosewa zaidi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato huhesabu marupurupu kuwa mapato ya ajira, lakini huacha nje malipo ambayo ni marejesho tu ya pesa alizotumia mfanyakazi kwa ajili ya kazi pekee. Neno lenye uzito hapo ni "pekee". Mfanyakazi akinunua bando la KSh 1,000, na orodha ya simu zake ikaonyesha kwamba asilimia 60 ya dakika zilikwenda kwa wateja, kinachorejeshwa bila kodi ni KSh 600. Mkimrejeshea KSh 1,000 nzima, zile KSh 400 ni faida yake binafsi na zinapaswa kuingizwa kwenye mshahara unaotozwa kodi.

Andaeni basi sera fupi ya maandishi inayotaja ni vyeo gani vinavyolazimika kutumia simu binafsi na kwa sababu gani. Kila mwezi mfanyakazi ajaze fomu ya madai inayoonyesha tarehe, mteja au mradi uliohusika na kiasi anachodai, aambatishe uthibitisho wa ununuzi pamoja na orodha ya simu kutoka kwa kampuni ya simu, kisha msimamizi wake akague na kutia sahihi. Ujumbe wa M-Pesa peke yake hautoshi, kwa maana huthibitisha kwamba salio lilinunuliwa bila kuonyesha lilitumiwa kwa shughuli gani. Data ni ngumu zaidi kugawanya kuliko dakika, na hapo ninapendekeza mpime matumizi ya kawaida kwa kipindi fulani, mkubaliane kuhusu sehemu ya kazi, mwandike jinsi mlivyoipata, na mrudie upimaji majukumu yakibadilika. Malipo yafanywe kando na mshahara. Dalili inayomvutia mkaguzi upesi ni kiasi kile kile, kwa watu wale wale, kila mwezi: "marejesho" ya KSh 2,000 yasiyopanda wala kushuka mwaka mzima ni marupurupu yaliyobadilishwa jina.

Mwajiri naye ana upande wake wa kuangalia. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa kawaida gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi, na salio alilojinunulia mfanyakazi kwenye laini yake ni nadra kuja na ankara yenye PIN (namba ya mlipa kodi) ya kampuni. Yaani mnaweza kuwa sahihi kabisa upande wa PAYE, kisha mkapoteza punguzo kwenye kodi ya kampuni.

Ndiyo maana, kwa mtu anayeshinda kwenye simu, napendelea njia ya tatu: laini iandikishwe kwa jina la kampuni, na bili itoke na PIN ya kampuni. KRA huchukulia asilimia 30 ya gharama ya simu hiyo kuwa manufaa ya mfanyakazi. Bili ya KSh 10,000 kwa mwezi huzaa manufaa ya KSh 3,000, na manufaa yasiyo ya fedha taslimu hayatozwi kodi iwapo jumla yake haizidi KSh 60,000 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa kutoka KSh 36,000 mwishoni mwa 2024. Hata hivyo jumla hiyo hukusanya manufaa mengine pia. Mfanyakazi huyo akiwa amepewa fanicha ya nyumbani iliyogharimu KSh 250,000, ambayo huhesabiwa kwa asilimia 1 kila mwezi, mwezi mmoja unabeba KSh 5,500 na mwaka mzima KSh 66,000. Hapo kodi hutozwa kwenye thamani yote, wala si kwenye ile KSh 6,000 iliyozidi. Kinga hiyo pia haiwahusu wanaopewa pesa mkononi, hata zikiwa KSh 500.

Kiasi chochote kinachotozwa kodi kiingizwe kwenye ritani ya PAYE na kulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na fomu za madai zitunzwe kwa miaka mitano. Ikiwa mmekuwa mkilipa kiasi kisichobadilika kwa jina la marejesho, ni afadhali kurekebisha ritani za miezi iliyopita kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, kabla barua ya ukaguzi haijafika, kwa kuwa kodi ambayo mwajiri hakuikata hudaiwa kwake, pamoja na riba na adhabu, hata kama mfanyakazi aliyefaidika ameshaondoka.