Bustani ya nyumbani Njombe: anza na kitalu kipupwe kinapoisha

Katikati ya Agosti jua la mchana huanza kuchoma, na watu hukimbilia mbegu. Jua hilo linadanganya. Usiku udongo bado ni wa baridi, na mabondeni sakitu (umande ulioganda) inaweza kuanguka. Kabichi, sukuma wiki na vitunguu viingie kitaluni sasa. Nyanya na hoho zisubiri katikati ya Septemba. Ukiwahisha nyanya, mbegu hukaa chini muda mrefu na nyingi huoza kabla ya kuota.

Kitalu kiwe mahali panapopigwa na jua la asubuhi, si bondeni, maana hewa ya baridi ni nzito na hutulia chini. Tuta liwe na upana wa mita 1, ufike katikati bila kukanyaga, na kimo cha sentimita 15. Kila mita ya mraba changanya ndoo 1 ya lita 20 ya samadi iliyoiva, yaani haina joto, hainuki, na huwezi kutambua tena kipi kilikuwa nyasi na kipi kinyesi.

Chora mistari yenye kina cha sentimita 1, ipishane sentimita 15. Dondosha mbegu moja moja, kila sentimita 2 hivi. Wengi huharibu hapa kwa kumwaga mbegu kama chumvi kwenye mboga. Miche iliyobanana haikauki, na ugonjwa wa kinyausi huanzia humo: shina hunywea pale linapotoka ardhini, mche unalala kama uliochemshwa. Ukiona hivyo punguza maji kwanza, kisha punguzia miche.

Funika kwa nyasi kavu na umwagilie saa mbili au saa tatu asubuhi. Jioni hapana, miche isilale imelowa. Mbegu zikichungulia, siku hiyohiyo pandisha nyasi kwenye kichanja cha nusu mita. Usiku zitakinga sakitu, mchana zitapunguza jua. Wiki ya mwisho ondoa kichanja na upunguze maji ili miche ikomae.

Wiki ya 5 au 6, mche wa kabichi au sukuma ukiwa na majani manne hadi sita, hamisha jioni. Nafasi: sentimita 60 kati ya mistari, 45 kati ya miche, viganja viwili vya samadi kila shimo. Karoti hazina kitalu, zipande moja kwa moja.

Mvua hazitaanza hadi Novemba, kwa hiyo hesabu maji kabla ya kulima. Mita ya mraba inataka kama lita 10 kila baada ya siku mbili. Kama unachota kichwani, mita 10 za mraba zinatosha: ni ndoo 5 kila zamu.

MASWALI

Swali: Mwalimu, kabichi nilizohamishia shambani Juni zimetoa maua badala ya kufunga. Mbegu feki?

Jibu: Si lazima. Kwa asili kabichi huishi miaka miwili. Shina likishafika unene wa penseli kisha likapigwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa wiki kadhaa, mmea huona msimu umepita na kutoa maua. Mche mdogo hausumbuki hivyo. Zing'oe, hazitafunga tena.

Swali: Mkuu, asubuhi nakuta miche imekatwa, imelala. Ni panya?

Jibu: Yaelekea ni sota, kiwavi anayekata miche. Asubuhi hiyohiyo fukua kwa kidole sentimita 2 au 3 kuzunguka mche uliokatwa. Utamkuta amejikunja kama herufi C, rangi ya udongo. Kata chupa za plastiki ziwe pete za sentimita 8, uvishe kila mche na kuzamisha sentimita 3. Majivu nayo husaidia, ila yakilowa kazi yake imekwisha.

Swali: Nyanya naweza kupanda nilipovuna viazi mviringo?

Jibu: Hapana, wala kando yake. Ugonjwa wa bakajani chelewa hushambulia vyote viwili, na viazi vilivyosahaulika ardhini vikichipua ndivyo vinavyouleta mvua zikianza. Hapo weka maharage.