Kuwinda pronghorn Wyoming bila kiongozi: mwongozo kwa mwenye mfuko mwembamba

Oktoba iliyopita nilimpeleka shemeji yangu Wyoming, jimbo la magharibi mwa Marekani, kuwinda kwa mara yake ya kwanza. Tulitoka Des Moines, Iowa, na gari langu lilelile la kwendea kazini, tukarudi na pronghorn wawili, wanyama wanaofanana na swala, kwenye barafu. Tangu siku hiyo simu haitulii: "Kaka, na mimi nataka." Nimechoka kurudia, kwa hiyo naandika mara moja.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunaujua uwindaji kwa sura mbili: mgeni tajiri na kampuni yake, au jangili. Kenya umepigwa marufuku tangu 1977. Huku Marekani mpakia mizigo wa ghala anaingia porini mwenyewe, kihalali. Katika Wyoming, asiye mkazi wa jimbo anahitaji kiongozi wa uwindaji akiwinda mnyama mkubwa ndani ya maeneo yaitwayo wilderness tu, yaani pori lililohifadhiwa kisheria, na pronghorn ni mnyama wa nyika tambarare, kwa hiyo hilo halikugusi. Wenyeji wanamwita swala, lakini ndugu zake wa karibu zaidi walio hai ni twiga na okapi. Shemeji alicheka sana kusikia hivyo.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya bunduki

Mwenye grinikadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua bunduki. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji mkononi. Asiye na kibali cha kuwepo nchini asiguse kabisa, hata ya kuazima. Na usimtume mtu akununulie kwa jina lake. Hilo ni kosa la jinai kwenu wote wawili.

Ukiwa umezaliwa 1966 au baadaye, Wyoming inataka cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji. Isome mtandaoni.

Hatua ya 2: Omba jike

Leseni ya dume kwa asiye mkazi inazidi dola 300. Ya jike nililipa dola 34, na 15 za maombi, na 21.50 za stempu ya uhifadhi. Pembe hazina mchuzi. Maombi hufungwa mwanzoni mwa Juni, majina huchaguliwa kwa bahati nasibu, na leseni zinazobaki huuzwa baadaye kiangazi.

Hatua ya 3: Ramani

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilie.

Safari yangu ya kwanza niliona leseni zimebaki tele katika eneo moja. Nikajiona mjanja: wenzangu wamelala, mimi nimeokota dhahabu. Nikaendesha saa 12. Kulipopambazuka nikawaona pronghorn, si chini ya arobaini, wote ng'ambo ya waya wa ranchi. Nikazunguka siku nzima na karibu robo tatu ya tangi la mafuta nikitafuta pa kuingilia, na sikupata. Leseni zilikuwa zimebaki kwa sababu karibu eneo lote ni la watu binafsi. Kumbe kitabu cha maombi kinaonya waziwazi kwamba maeneo fulani ardhi ya umma ni ngumu kufikika. Sikukisoma. Leseni haikupi haki ya kukanyaga shamba la mtu.

Basi anza na ramani, ndipo uchague eneo, ndipo uombe leseni. Kwenye ramani za ardhi njano ni ya BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma. Kijani ni msitu wa taifa. Bluu ni ya jimbo. Nyeupe ni ya mtu. Njano unawinda na unapiga hema. Bluu unaweza kuwinda ukiwa na njia halali ya kufika, lakini huruhusiwi kulala, kuwasha moto wala kuendesha gari nje ya barabara. Nyeupe usiingie bila ruhusa ya mwenyewe, hata kama hakuna waya wala kibao. Kutokuwepo kwa kibao si ruhusa.

Sasa utazame kusini mwa jimbo, kando ya reli. Njano na nyeupe zimepishana kama ubao wa drafti, kila mraba maili moja kwa maili moja. Ni urithi wa sheria ya reli ya 1862: serikali iliipa kampuni ya reli kipande kimoja, ikabaki na cha pili. Njano mbili zinagusana kwenye kona tu. Je, unaruhusiwa kuruka kona? Wawindaji wanne wa Missouri walivuka kwa ngazi mwaka 2021, wakashtakiwa, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa haki: unavuka kwa miguu, mradi hukanyagi ardhi ya mwenyewe. Mimi bado sivuki. Ramani ya simu hukosea mita kadhaa, na sina pesa ya wakili.

Ninachofanya: natafuta njano kubwa iliyoshikana, yenye barabara ya umma inayoigusa kabisa. Inayogusa, si inayopita jirani. Naongeza mashamba ya mpango wa Access Yes, ambako idara ya wanyamapori ya jimbo imekubaliana na wenye ranchi wawindaji waingie; soma masharti ya kila shamba. Programu ya ramani za ardhi ya onX nalipia jimbo moja tu, na ramani nazipakua nikiwa nyumbani. Huko mtandao ni wa kubahatisha.

Hatua ya 4: Bunduki

Bunduki ya risasi za .243 iliyotumika inatosha. Fanya mazoezi ukiwa umekaa chini, si mezani.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Vaa kofia au fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa. Usipige risasi ukiwa barabarani wala kuvusha barabara. Hakikisha ni jike: dume ana baka jeusi shavuni, na majike wengine huota vipembe, kwa hiyo tazama shavu. Shemeji ni Mwislamu. Alisoma bismillahi kabla ya kufyatua, na tulipomkuta mnyama bado anapumua akamchinja. Jaza tarehe na saini kwenye lebo ya leseni, uifunge kwa mnyama, kabla hujaondoka hapo.

Hatua ya 6: Nyama

Wanaosema pronghorn ananuka walimzungusha juani juu ya gari. Toa matumbo papo hapo, chuna ngozi ndani ya saa moja, acha kiwele kimeshikamana na paja ili askari wa wanyamapori aone jinsia. Kisha barafu. Sisi tunagandisha maji nyumbani kwenye madumu ya maziwa, maana barafu ya vipande ya kituo cha mafuta huyeyuka kabla ya Nebraska. Acha kizibo cha chini cha boksi la barafu wazi maji yatoke. Nyama ikiogelea usiku kucha inapauka. Njiani tulibadilisha madumu mara moja, North Platte, saa nane usiku.